Fre ya Déo Ilikuwa Mguuni

Mipira ya fre ya kusimamisha kinga ya Déo, baiskeli yake, ilikwisha zamani, chuma kilibaki kulia juu ya chuma. Basi, kila mteremko wa Kibabi, Déo alikandamiza pine la gurudumu kwa lapa la mguu wa kushoto mpaka kinga inatulia. Lapa likiisha, ananunua jozi nyingine. Malapa ya kulia yalirundikana chini ya kitanda, mapya kama siku ya kununuliwa.

Nyanya yake, Koko Constance, akamwambia:

“Mujukuu, kesho tunaenda kwa Papa Viateur kuomba binti yake Estelle. Ule muzee haangalie uso wa mutu, anaangalia miguu. Akiona lapa moja nene na lingine kama jani la mugomba, atajua hautengeneze kitu mpaka kiharibike. Badilisha mipira.”

“Fre ingali inafanya, Koko.”

“Hata meno yangu mawili ingali inafanya. Umekwisha niona natafuna muhindi?”

“Usihangaike. Nitavaa viatu vya kanisa.”

Koko Constance akafungua kinywa ili amuonye, akakifunga tena. Hapana. Ajionee mwenyewe.

“Vaa, mutoto wangu. Tena uvipake siraji vizuri.”

Kesho yake Koko akapita njia ya mkato kwa miguu. Déo alikuwa angali anafunga bidon ya kasiksi, pombe ya ndizi ya kupelekea wakwe, kwenye kinga, naye Koko amekwisha fika, anakaa na Papa Viateur kwenye kivuli cha nyumba.

Mara wakasikia kelele juu ya kilima. Soli ya ngozi iliteleza juu ya pine kama sabuni! Kuku wakaruka. Déo akapita kati ya maharagi yaliyoanikwa, akapita jikoni, akaenda kusimama ndani ya lundo la maganda ya mihogo. Bidon ilikuwa nzima. Kiatu cha kushoto kilitoa moshi, na kidole kikubwa kimetoka nje kusalimia wakwe.

“Koko, huyu njo bwana harusi ao njo moto wa pori?” Papa Viateur akauliza.

“Njo yeye, Papa. Mapendo ilimusukuma.”

Papa Viateur hakucheka. “Mutu wa kungojea mpaka kiatu kiungue, nyumba ya mutoto wangu atatengeneza siku gani? Murudi kwenu.”

Déo akamtazama Estelle mlangoni pa jikoni. Hapo Koko akafungua fundo la kitenge chake, akatoa mipira mipya ya fre.

“Koko! Ulikuwa nayo? Sababu gani haukunipa?”

“Ulisema ingali inafanya. Mimi nani nikubishie?”

Papa Viateur akaleta ufunguo wa nati. “Funga hapa, mbele yangu. Halafu upande kilima, ushuke. Mguu ukigusa pine, bidon inabaki, wewe unaenda.”

Déo akafunga, akapanda, akashuka mbio na miguu yote juu ya pedali. Karibu na wazee akabana fre mpya kwa nguvu zote. Kinga ikasimama palepale. Déo hakusimama, alipita juu ya usukani akatua kwenye migomba.

Estelle akakimbia kumwokota, anacheka mpaka machozi.

Papa Viateur akajaza kikombe cha Koko. “Fre iko muzuri,” akasema. “Sasa tuongee juu ya mbuzi.”