Mapafu ya Mohamud

Maiti haulizwi sanda. Lakini mumewe Saado aliulizwa, tena kwa kisu, na akajibu.

Mohamud alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi Kitengela, mtu wa kifua kipana. Mwaka 2009 alikohoa siku sita. Nyumbani walimpa mafuta ya mkia wa kondoo, dawa yao ya kifua toka enzi, na bakuli lilipotoka kwake likapita kwa watoto, wajikinge. Siku ya saba akakata roho hospitalini Kajiado. Asubuhi hiyo hiyo binti yake, Ugbad, alilazwa huko huko, midomo imeiva zambarau.

Muhumed, kaka wa marehemu, alikwenda kusimamia kaburi. Alitaka maziko kabla ya alasiri. Ndipo daktari Mugure akamvuta Saado kando.

"Mama, niruhusu nimpasue. Bila hivyo nabahatisha tu kwa mtoto."

Kwao maiti hakatwi. Saado alitazama mlango wa wodi, akatia kidole kwenye wino, akakibonyeza kwenye fomu ya ridhaa.

Baada ya saa mbili Mugure alirudi. Muhumed naye alikuwa amefika.

"Mapafu huwa mepesi kama sifongo," Mugure alisema. "Yake ni mazito, mekundu kama ini, yamejaa maji na damu. Nimetia kipande majini, kimezama. Usaha hakuna, kifua kikuu hakuna. Kwa macho yangu hii ni homa ya nguruwe. Sampuli itaenda Nairobi, lakini sitaingoja. Kila anayekohoa kwenu aanze dawa leo."

"Nguruwe!" Muhumed alifoka. "Ndugu yangu hata kivuli cha bucha ya nguruwe ya Githongo alikuwa anakiruka!"

"Homa haiulizi unakula nini, mzee."

Mohamud alizikwa magharibi, ameshonwa. Ugbad alianza dawa jioni hiyo, lakini kifua chake kilikuwa kimeshajaa. Siku ya tatu wakachimba kaburi la pili.

Arobaini ilipopita, Muhumed aliita wazee nyumbani kwake.

"Shemeji, ulimkatakata ndugu yangu, na mtoto akafa vilevile. Omba radhi mbele ya hawa, yaishe."

Uani, Mohamednur, mwanawe Muhumed, alikuwa akifukuza kuku. Naye alikunywa kwenye bakuli lile; naye alikohoa, akapewa dawa siku ileile Mugure alipoagiza.

Saado alimsikiliza kuku akilia, kisha kicheko cha mtoto.

"Wangu nimezika, shemeji. Wako huyo anakimbia. Siombi radhi."