Tai ya Jaji Absalom

Sebuleni kwa Erastus, huko Changamwe nyuma ya matangi ya mafuta, picha ya harusi ilishushwa ili picha ya Jaji Absalom ipate msumari. Milcah, mkewe, akaifuta vumbi akaiweka chini ya kitanda. Wenzake hunyang'anywa waume na vimwana. Yeye alinyang'anywa na mzee mwenye upara.

Jaji huyo wa Mahakama Kuu aliwahi kuwazuia matajiri wasibomoe mtaa mzima, na tangu hapo Erastus akawa mkusanyaji wa vitu vya jaji. Alikuwa na saini yake juu ya gazeti, saini nyingine kwenye programu ya mazishi, na kikombe alichonywea chai kanisani, hakijaoshwa. Kubwa kuliko vyote ni tai nyekundu, aliyoivua jaji mwenyewe kwenye harambee ikapigwa mnada baada ya jogoo, Erastus akainunua.

Kisha kampuni moja ikadai kiwanja walichojengea nyumba. Mahakama ikatoa zuio la muda, wasibomolewe mpaka kesi isikizwe, na kesi ikamwangukia Absalom. Erastus alicheka siku nzima. Milcah akaanza kuhesabu masufuria.

Asubuhi ya kesi mume akatoka chumbani amefunga ile tai.

"Baba Lynnette, vua hicho kitu."

"Ukimpa mtu shati, hufurahi akija kwako amelivaa?"

"Jaji si shemeji yako."

"Hii ni heshima. Wewe heshima utaijulia wapi?"

Mahakamani jaji aliinua macho, akayashusha, akayainua tena.

"Tai hiyo umeipata wapi?"

"Kwako, mheshimiwa!" Erastus akajibu, meno yote nje. "Hata kikombe chako ninacho nyumbani."

Watu wakaangua kicheko. Wakili wa kampuni hakucheka. Aliinuka polepole kama paka aliyesikia sahani, akaomba jaji ajiondoe. Absalom akavua miwani. Akasema hawezi kusikiza kesi ya mtu anayemtunzia kikombe, wala hawezi kutoa amri nyingine. Atapangwa jaji mwingine. Na zuio lilikuwa linakwisha siku ile ile.

Tingatinga halikungoja jaji mwingine. Kulipokucha lilikuwa likinguruma barabarani. Milcah keshatoa masufuria na nguo za kuhamia Miritini, limebaki godoro, na kamba hakuna. Erastus amesimama katikati ya nyumba, amekumbatia fremu zake, machozi yanamtiririka.

"Mama Lynnette, kikombe nikiweke wapi?"

"Mpelekee mwenyewe akioshe." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo tai."

Erastus akaivua. Milcah akalikunja godoro, akalikaza kwa fundo ambalo hata wakili asingelifungua.

Ilikuwa tai nzuri, haki ya Mungu. Ilishika mpaka Miritini.