Siagi kwenye Bawa

Ndege ya Marete ilikuwa na sifa mbaya. Mwenyewe wa kwanza, mkulima mzungu wa Timau, aliipindua juu ya kichuguu. Daktari wa mifugo akainunua, naye akaivunja pua kule Biliqo gurudumu lilipoingia shimo la ngiri. Marete, aliyekuwa fundi wake, akaichukua kwa bei ya kutupa, akajifunza kuirusha, na sasa aliwapelekea askari wa Sericho dawa. Ilikuwa imezoea kuanguka kama mlevi anavyozoea mtaro.

Qabale, fundi cherehani wa Isiolo, aliitamani hivyo hivyo. Mumewe Wario alikwenda Sericho kuangalia ngamia, vita vya waasi wa Shifta vikamkuta huko, jeshi likamfungia kambini pamoja na wenzake wote. Barabara ilikuwa haipitiki kwa Mborana kama yeye. Mwaka mzima Qabale alilala upande wake wa kitanda, upande wa pili akiuacha wazi. Alimkosa mpaka kile kikohozi chake cha mlangoni, ambacho zamani kilimkera.

Basi mbuzi wa watu wakapanda bawa la chini, wakatoboa kwa kwato kitambaa kilicholifunika. Marete akamjia.

"Nishonee hii, dada, nikupeleke Sericho. Kwa askari nimeshaomba ruhusa."

Qabale alishona kiraka kwa mishono midogo kuliko ya nguo ya arusi. Marete alipokwenda kuchukua dawa ya kupaka ili kitambaa kikaze, Qabale akafungua kibuyu cha siagi aliyomwekea Wario. Akachota kidogo kwa kidole, akapaka kiraka chote huku akinong'ona dua. Marete akarudi, jua linazama, akapaka dawa yake juu haraka haraka.

Asubuhi Qabale alipanda amejifunga shuka mpya, kibuyu mapajani. Ndege ikakimbia, ikanguruma, magurudumu yakaacha ardhi. Akaona mabati ya Isiolo yakishuka chini yake, akacheka peke yake kwa furaha. Hapo dawa ya kiraka ikaanza kubanduka, kama ganda la kiazi cha kuchemsha, upepo ukafumua mishono. Marete akaishusha kwa nguvu, mguu mmoja wa ndege ukavunjika, wakaserereka hadi kwenye miiba.

Hawakuumia. Ofisa wa jeshi akaja, akaitazama, akasema ndege hiyo isiruke tena. Alipoondoka, Marete akagusa bawa, akanusa vidole.

"Nani alipaka mafuta hapa?"

"Ni mimi. Kwetu kitu inaenda safari inapakwa siagi, ifike salama."

Marete alifungua mdomo amgombeze, akamwona amekumbatia kile kibuyu. Akaketi chini kando ya gurudumu.

"Dawa haishiki penye mafuta, dada. Shukuru imebanduka hapa. Ingekaa kidogo, tungeanguka nusu ya njia."

Qabale alitazama upande wa Sericho. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

"Nusu ya njia," alisema. "Ningekuwa karibu na yeye kuliko hapa."