Shikamoo Mlangoni mwa Kanisa

Mwinjilisti Luhende ndiye aliyemtoa Januari kwenye machimbo ya almasi ya Songwa, mpasua mawe asiyejua hata alifu. Akamfundisha kusoma, kuongoza ibada na kuwafariji wafiwa, kisha akamtafutia nafasi katika chuo cha wachungaji. Huku nyuma, yeye na mkewe walifyatua matofali ya kanisa jipya kwa mikono yao.

Januari akarudi mwaka 1954 na kola nyeupe shingoni. Kanisa likawa lake. Luhende, kwa kuwa hakuwa na cheti, akaambiwa awe mpiga kengele. Cheti! Kana kwamba matofali yale yalifyatuliwa na cheti.

Jumapili ya kwanza mchungaji huyo mpya alimkuta mzee mlangoni, akampita bila salamu. Mzee akapandwa na hasira, akaona amwaibishe mbele ya watu. Akapiga goti vumbini, kama wanawake wanavyoamkia, akasema kwa sauti, "Shikamoo, Mchungaji!"

Alijua kijana ataruka amwinue. Nani angekubali kuamkiwa na aliyemlea?

Januari alitazama saa yake.

"Marahaba," akajibu. "Kengele umeichelewesha."