Sensa ya Korongo wa Nyamhela

Mwenyekiti Nestory hakuwa mtu mbaya, ila mpunga ulikuwa umemteka akili. Wilhelmina alikuwa ameitunza hifadhi ya Nyamhela kwa miaka tisa: vijiziwa vitatu, kinamasi cha mafunjo na kipande cha msitu kinachogusa ziwa, si mbali na Kigongo. Kwa miaka yote hiyo tisa Nestory alikitazama kinamasi kile akaona majaruba matupu. Mwaka jana kikao cha kijiji kikakata shauri. Korongo weupe wanaotoka Ulaya wahesabiwe Januari. Wakifika mia mbili, hifadhi ibaki. Wakipungua, nusu ya kinamasi wagawiwe wakulima.

Basi Januari ikafika, na korongo walikuwa mia moja hamsini na watatu.

Wilhelmina akarudia. Korongo nao hawana adabu: ukifika themanini, kumi wanaruka na kutua katikati ya wale uliokwisha kuwahesabu. Mara ya pili akapata mia moja hamsini na mmoja. Nestory, aliyesimama pembeni na daftari la kijiji huku viatu vyake vya kikao vikizama topeni, alijitahidi kuificha furaha yake, ikamshinda.

"Sheria ni msumeno, mama," alisema. "Niandike?"

"Subiri kidogo, Mwenyekiti." Machozi yalikuwa karibu, naye hakutaka kabisa yamtoke mbele ya bwana yule.

Ndipo alipomwona Shimba, mfugaji, akinywesha ng'ombe wake ukingoni kama kila siku. "Shimba! Hebu njoo unisaidie kuhesabu. Macho yangu yamechoka."

Shimba akacheka. "Mimi tena, dada? Hata hawa ng'ombe sijawahi kuwahesabu. Chenye uhai hakinyooshewi kidole, moja, mbili, tatu. Ni kujiitia mikosi."

"Ndiyo maana hujui unao wangapi," akadakia Nestory.

"Wangapi sijui. Lakini akikosekana mmoja, najua kabla sijafunga zizi." Akawatazama korongo kama atazamavyo mifugo ikiingia jioni, taratibu, bila kuchezesha midomo. "Na hawa hawajatimia. Yule anayechechemea yuko wapi? Na mwenye pete mguuni je? Hao wana kundi lao, hulala kule msituni. Asubuhi walipita juu yangu wakielekea mlimani."

"Mlimani wapi?"

Shimba akaelekeza fimbo. "Kwenye mahindi ya Mwenyekiti."

"Wananilia mahindi!" Nestory alitoka mbio. Kiatu kimoja kikabaki topeni, hakugeuka. Wilhelmina akamfuata na darubini ikimpiga kifuani, roho juu. Korongo hawali mahindi, hilo alilijua, ila mwenye shamba akipandwa na hasira haulizi.

Waliwakuta wametapakaa shambani, wakitembea kati ya mistari kwa hatua za wakaguzi, vichwa chini. Nestory aliokota jiwe, akainua mkono. Kisha mkono ukabaki juu.

Majani yalikuwa yanatambaa. Viwavijeshi, weusi, wanene, maelfu kwa maelfu, upande mzima wa juu wa shamba. Siku nne alikuwa hajakanyaga hapo, kwa sababu ya vikao vya kugawa kinamasi. Na korongo walikuwa wanadonoa na kumeza, wanadonoa na kumeza. Mistari waliyokwisha kupita ilikuwa safi, mahindi yamesimama.

Nestory aliliweka jiwe chini polepole, asije akamshtua mtu.

Wilhelmina alihesabu kimoyomoyo, kwa heshima ya Shimba aliyekuwa amewafikia. Themanini na wanane. Akachukua ile hesabu ndogo ya kinamasini, akajumlisha mara mbili, maana furaha nayo hupotosha. "Mia mbili thelathini na tisa," alisema, na safari hii machozi aliyaacha yatoke.

"Shusha sauti, mama," alinong'ona Nestory, akiandika upesi. "Wanakula."

Wakakaa kwenye tuta, wote watatu, wakitazama. Korongo mmoja alichechemea hadi hatua chache kutoka mguu wa Nestory usio na kiatu, akammeza kiwavi, akaendelea na kazi.

"Hawa huondoka lini?" Nestory aliuliza.

"Machi, Mwenyekiti. Wanarudi kwao."

"Machi!" Uso ulimshuka kama mtu aliyeambiwa mgeni wake hakai hata hadi jioni. "Kwani huko Ulaya wanakimbilia nini?"