Geti Lisilo na Mtu

Mimi ni mtu wa barabara, na sioni haya kusema. Barabara unaichora leo, kesho magari yanapita. Abiria wakikosekana huku, unayapeleka kule. Reli ina kiburi: ukishailaza hapo, umefungwa nayo maisha. Ndivyo nilivyomwambia Sumeya, mwalimu mwenzangu katika chuo cha kompyuta mjini Thika, na ndivyo tulivyozozana mwezi mzima mwaka wa tisini na sita, juu ya mchezo ambao kakake alituletea kwa disketi mbili.

Mchezo wenyewe unakupa nchi yenye milima, mito na miji midogo, halafu unakuachia uamue watu na mizigo watasafiri vipi. Sumeya alijenga reli. Mimi nilijenga barabara. Tulicheza Jumamosi mchana wanafunzi wakishaondoka, kompyuta moja, nchi moja, tukipokezana kibodi na matusi madogo ya kirafiki. Kila mmoja wetu alisubiri mwenzake akubali kwamba ameshindwa.

Lakini Jumamosi ninayoisimulia sikuwa na shida na Sumeya. Shida yangu ilikuwa baba.

Baba yangu, Ephantus, alikuwa mlinzi wa geti la reli nje kidogo ya Ruiru, pale njia ya Gatongora inapokatiza. Treni ikikaribia anafunga geti, ikishapita anafungua. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na mitatu. Mwaka uliotangulia, mwenzake waliyepokezana zamu alikubali kustaafu mapema na hakuletwa mwingine, kwa hivyo baba akawa anafanya zamu zote mbili na kulala kwenye kibanda kando ya reli. Nyumbani alifika Jumamosi mchana tu, maana siku hiyo hakukuwa na treni hadi saa kumi na moja jioni. Alikuwa na kikohozi kilichonichosha hata mimi niliyekisikia mara moja kwa wiki.

Sasa fomu ya kustaafu mapema ilikuwa imemfikia yeye pia, na ilitakiwa irudishwe Jumatatu. Akiikubali, anarudi nyumbani, na pale getini wanasimamisha kibao cha kuonya wapita njia. Akiikataa, anabaki. Mama alinipa fomu hiyo mkononi. "Wewe ndiye huwa anakusikia," aliniambia. "Ongea na yeye. Mimi nimechoka kuolewa na Jumamosi."

Nikapanga aje chuoni Jumamosi hiyo nimwonyeshe mchezo. Aone kwa macho yake jinsi magari yanavyoishinda treni, aone dunia inavyoweza kwenda bila mtu wa kushika geti. Leo naona ulikuwa mpango wa mtu mwenye majivuno, lakini siku hiyo niliuona mzuri ajabu.

Baba aliingia na kofia yake ya kazi, akamsalimu Sumeya, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye skrini.

"Hii ni wapi, maitu?" Huniita maitu, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mamake, Wakonyo.

"Si mahali, baba. Ni nchi ya mchezo."

"Na hii kitu inatembea ni treni?"

"Ni treni ya Sumeya."

Aliinama, akaifuata kwa kidole bila kugusa kioo. Treni ilitoka kwenye machimbo ya makaa ya mawe, ikazunguka kilima, ikaingia ndani ya mlima na kutokea upande wa pili, ikavuka mto, ikasimama kwenye stesheni ya mji wa mbali. Ikashusha mzigo. Ikageuka.

"Kumbe huwa inafika," alisema.

Sikumwelewa mara moja. Halafu nikaelewa. Kwa miaka ishirini na mitatu baba alikuwa ameiona treni kwa dakika moja moja tu: inatokea kwenye kona hii, inapotelea kwenye kona ile. Hakuwahi kuipanda hadi mwisho. Sasa alikuwa anaziona kona zote mbili kwa mpigo, na mwanzo, na mwisho. Hata mimi niliyeucheza mchezo ule kwa mwezi mzima niliiona nchi ile upya, imelala mbele yetu nzima, magari yakitambaa, moshi ukipanda, bila mtu hata mmoja wa kuyasukuma. Sumeya alimwachia kiti chake asogee karibu zaidi.

Kidole cha baba kikafika pale barabara yangu ilipokatiza reli ya Sumeya. Kikasimama.

"Na hapa nani anafunga?"

"Hakuna mtu. Treni ikikaribia, taa zinawaka zenyewe na magari yanasimama."

Akataka kuona. Treni ikaja, taa zikawaka, basi langu likasimama, treni ikapita, basi likaendelea. Akaangalia mara ya pili. Akaangalia hadi mara ya sita, na kila mara alitikisa kichwa taratibu.

"Hata mara moja haijachelewa," alisema kwa heshima, kama anayemsifu mfanyakazi mwenzake. "Basi ni kweli. Mimi nimekuwa nikikaa hapo bure. Lete hiyo karatasi mamako alikupa."

Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilimpa fomu na kalamu, akaitandaza mezani, akaanza kutafuta mahali pa kutia sahihi.

Katika mchezo ule magari huharibika bila sababu. Yanatoa moshi, yanasimama kidogo, halafu yanaendelea. Basi langu liliharibika wakati huo, katikati ya reli.

"Wakonyo," Sumeya alisema. "Basi yako."

Treni ilikuwa inashuka kilima. Hakuna unachoweza kufanya ikifika hapo. Baba aliinua mkono wake wa kulia, ule wenye kalamu, akauweka juu wima mbele ya skrini kama anayeonyesha bendera. Treni haikumwona. Moto mwekundu ukalipuka, na gazeti la mchezo likajitokeza kutangaza kwamba basi limegongwa na treni na watu ishirini na wawili wamekufa.

Nimeliona gazeti hilo mara nyingi. Huwa nabonyeza kitufe liondoke, naleta basi lingine. Safari hii baba alinishika mkono.

"Wacha."

Akasimama, akavua kofia. Sumeya naye akasimama. Mimi nilibaki nimekaa, nikiona aibu kwa niaba yake.

"Baba, si watu. Ni hesabu ya kompyuta tu."

"Walikuwa akina nani?"

"Hawana majina."

Alifikiri. "Ile basi ya saa moja asubuhi huwa iko na Syombua na mayai yake. Anakaa hapo mbele. Iko na mwalimu wa mguu mbaya. Iko na watoto wa shule saba, na mmoja hulala kwa dirisha." Akakohoa. "Wewe unapita saa moja na robo ukienda kazi."

Nilipokuwa mdogo baba alikuwa akirudi nyumbani na kusema, "Leo mkokoteni ulikwama kwa reli," halafu anaomba chumvi. Leo lori limezimika, leo ng'ombe wamekataa kutoka. Hakuna aliyemuuliza kilichofuata. Kilichofuata lazima kilikuwa yeye, akikimbia juu ya mataruma ya reli na bendera nyekundu kuielekea treni hadi isimame.

"Ni mara ngapi umekimbia hivyo?" nilimuuliza.

"Sikuwa nahesabu. Zile gari zilitoka kwa reli."

Pale getini hakuwahi kufa mtu. Jambo hilo nililijua siku zote, nikaliona si kitu. Hakuna gazeti linaloandika kwamba basi limefika. Nilimtazama mtu huyu mwembamba, kofia mkononi, nikafikiria wote wale walioshuka salama miaka yote hiyo wakaenda zao sokoni, na nikapatwa na woga wa heshima ambao sijawahi kupata hata kanisani.

"Huwezi weka mtu hapo?" aliuliza.

"Mchezo hauna."

"Basi toa reli ama toa barabara. Moja. Hizi mbili haziwezi kaa hapo bila mtu."

"Tunaweza kuweka daraja," Sumeya alisema kwa sauti ndogo.

"Daraja ni sawa. Lakini kwetu hawajaleta daraja."

Niliivunja barabara yangu mwenyewe, kipande kwa kipande, na Sumeya hakunicheka.

Baba akaketi, akanisogezea fomu. Chini kulikuwa na nafasi ya mwenye kukataa kueleza sababu kwa kifupi. Mwandiko wake hausomeki, kwa hivyo aliniomba niiandike kwa taipureta. Niliingiza karatasi. Nilitaka kumtajia kikohozi, kibanda, mvua.

"Nitamwambia mama nini?"

"Mwambie nitakuja Jumamosi."

Akanitajia sababu yake, nami nikaipiga: *Wanaopita hapa nawajua.* Akatia sahihi, akatazama saa, akavaa kofia akaondoka kuwahi treni ya jioni. Nilibaki na karatasi mkononi, mimi niliyekuwa nikipita hapo saa moja na robo kila siku, na sikuwa nimewahi hata kumpungia mkono.