Jozi Sitini za Viatu Vikubwa

Simu ililia ndani ya mkoba wangu. Afisa mikopo alikuwa bado ameshika ya kwake sikioni akisubiri upande wa pili upokee, na kila ilipoita kwake ililia kwangu. Akanitazama mimi, akautazama mkoba, akamtazama Mama. Tulikaa watatu tukiisikiliza mpaka ikakata yenyewe.

"Hii si ndiyo namba ya duka?" akauliza.

Nilikuwa nimemfundisha Mama majibu kumi na mawili. Wiki nzima, kila aliporudi kutoka kazini, nilimkalisha kwenye kiti cha jikoni nikajifanya afisa: duka lako linaitwaje, unauza nini, wateja unawapata wapi, ukurasa wako una wafuasi wangapi. Alijibu huku anamenya viazi, na alipokosea alirudia bila kununa. Ila haikunijia hata siku moja kwamba mtu anayekopesha duka la mtandaoni anaweza kulipigia simu hilo duka, palepale, mbele ya mwenye duka. Namba niliyoijaza kwenye fomu ilikuwa yangu. Tena nilikuwa nimeiwekea mlio wa juu kabisa, nisije nikakosa oda.

Duka lilikuwa langu, na hilo ndilo afisa hakutakiwa kulijua. Kwa jina langu nisingekopeshwa hata sindano.

Nisijisafishe. Nilikuwa mhudumu wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, wakapunguza wafanyakazi, nikawa wa kwanza kupunguzwa. Mkopo wa kwanza wa simu ulilipa kodi ya chumba. Wa pili ulilipa ule wa kwanza. Wa tatu nilisukia nywele, kwa sababu nilikuwa naitwa kwenye usaili, na wa nne nilimnunulia rafiki zawadi ya harusi ili nisionekane nimeishiwa. Nikafika saba. Siku niliposhindwa kabisa, mmoja wa wale wakopeshaji aliingia kwenye orodha ya majina yaliyomo simuni mwangu na kumtumia kila mtu ujumbe uleule: mwenye namba hii ni mdaiwa sugu na tapeli, mwambie alipe. Aliupata mwalimu wangu wa zamani. Aliupata msusi. Aliupata msimamizi wa Mama, ambaye namba yake niliihifadhi kwa ajili ya dharura tu.

Mama alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mama mdogo, ambaye naye alifanya kazi hukohuko, ndiye aliyenisimulia. Msimamizi aliusoma ujumbe kwa sauti, wanawake wote wamesimama mezani wanakunja, kisha akamuuliza Mama kama huyo ndiye binti aliyesomeshwa kwa zamu za ziada. Mama aliendelea kukunja. Jioni ile alirudi nyumbani, akaniuliza kama nimekula, akaenda kulala.

Nilimngoja aseme. Nilingoja wiki, nikangoja mwezi. Laiti angenitukana ningejua pa kuanzia kuomba radhi, lakini alinisalimia kila asubuhi kama kawaida, akaniachia chai ndani ya chupa. Hapo ndipo nilipokufa ganzi. Sikulia wala sikukasirika. Nilikula kwa sababu saa ya kula imefika, na mtu akinichekesha nilicheka kwa sababu amemaliza kusema.

Duka lilizaliwa kutoka miguuni mwa Mama, na nalo nililianzisha nikiwa vilevile, mikono inafanya kazi na moyo haupo. Mama anavaa namba arobaini na tatu. Madukani viatu vya kike vinaishia arobaini na moja, ukibahatika arobaini na mbili, kwa hiyo maisha yake yote amevaa vya kiume. Kwenye picha ya harusi yake, chini ya lile gauni, kuna viatu vyeusi vya kaka yake. Siku moja nilikuta kwa muuza jumla jozi moja ya kike iliyobaki peke yake, nyekundu, namba yake, nikainunua, nikampiga picha Mama akiwa ameivaa na kuiweka mtandaoni. Nikaandika: mguu wako hauna kosa, kosa ni la duka. Hadi kesho yake wanawake arobaini walikuwa wameniandikia. Mmoja aliuliza kama ni kweli au ni utani mbaya.

Muuza jumla, Mzee wa Jumla kama kila mtu alivyomwita, hakuuza chini ya jozi sitini za namba hizo. Mimi sikuwa na hela ya jozi sita.

Nilihangaika. Benki, kijana wa dirishani aliingiza namba ya kitambulisho changu, akasoma kwenye kioo chake, akanirudishia kwa ncha za vidole viwili. Kikundi cha akiba cha Mama mdogo kilikaa, kikajadili, kikanitumia jibu kupitia kwake. "Wanachama wengi waliupata ule ujumbe," alisema, na alionekana kuumia zaidi yangu. Rafiki niliyemnunulia zawadi ya harusi alisoma nilichomwandikia na hakujibu. Kote huko niliondoka mikono mitupu na sikusikia chochote, kama mtu aliyechomwa sindano ya jino.

Likabaki jina la Mama. Mama hakuwahi kukopa hata chumvi kwa jirani. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni, maneno yakinitoka moja moja: fomu iwe yake, duka liseme ni lake, mimi nitafanya kazi na nitalipa kila mwezi. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Natakiwa niseme nini?" akauliza.

Ndivyo tulivyofika mbele ya yule afisa, msichana mrefu mwenye sauti ya upole na meza isiyo na karatasi hata moja. Majibu kumi na mawili yalikwenda vizuri. Kisha akauliza swali ambalo sikulifundisha: kwa nini viatu vikubwa tu, kwa nini asiuze na vidogo, vyenye wateja wengi? Nilitaka kudakia. Mama akainama, akavua kiatu, akaupandisha mguu wake mtupu juu ya kiti kilichokuwa wazi kando yake.

"Tazama mwanangu," alisema. "Arobaini na tatu. Hao wa miguu midogo wana mji mzima wa kuwauzia. Sisi nani anatuuzia? Nimeolewa na viatu vya kaka yangu. Mwenzio nilicheza dansi naburuza kama nimefungwa matofali."

Afisa alicheka mpaka akafuta macho. Na nilimwona, alipokuwa anacheka, akiirudisha miguu yake mwenyewe chini ya kiti, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Akasema kilichobaki ni utaratibu mdogo tu, kuhakiki namba, akachukua simu.

Hapo ndipo ilipolia mkobani.

"Ndiyo namba ya duka," Mama alisema bila kupepesa macho. "Huyu ndiye anayeshika simu. Nimemwajiri. Mimi herufi ndogo sizioni."

"Umesema ni binti yako."

"Ni binti yangu, na nimemwajiri."

Afisa aliandika kitu, akafuta, akaandika tena. "Sasa Mama, nikuulize kama mwanao. Deni litakuwa lako wewe. Simu anashika yeye, wateja anaongea nao yeye. Na hela? Kwenye hela unamwamini?"

Swali rahisi. Neno moja lilitosha, na mkopo ungekuwa umepita. Mama aliushusha mguu, akavaa kiatu chake, akakaza na kamba.

"Simu namwachia," akasema. "Hela, hapana."

Afisa akacheka tena, akasema akina mama wa zamani ndio wanaoijua biashara, akatoa fomu kwenye droo, akagonga muhuri. Na mimi nikatabasamu vile mfanyakazi anavyotabasamu bosi akimtania mbele ya wageni. Kwenye ngazi, tukishuka, nilimwambia Mama kwamba amejibu vizuri.

"Nimejibu nilichoulizwa," alisema.

Hela iliingia kwenye simu yake, na ikakaa kwake. Mimi nilipiga picha, nilijibu wateja, nilifunga mizigo kwa gazeti na utepe mpaka vidole vikakakamaa. Yeye akitoka zamu alibadili nguo, akaenda kwa Mzee wa Jumla, akalipa mwenyewe, akarudi na risiti kwenye bahasha ya kaki. Kila Ijumaa alinilipa mshahara. Alininyooshea mkono, nikapokea, nikasema ahsante. Mteja wetu wa kwanza alikuwa yule afisa, namba arobaini na nne, akaomba tusimpelekee ofisini.

Miezi kumi, mkopo ukaisha. Katika miezi hiyohiyo, kwa mshahara wangu, niliwalipa na wale wakopeshaji sita waliobaki, mmoja baada ya mwingine, hata waliokuwa wameacha kunisumbua. Nilipopata barua inayosema jina langu limesafishwa niliiweka mezani, mbele ya Mama. Aliisoma mpaka chini.

"Vizuri," alisema, akasogeza kikombe ili isilowe.

Basi. Ijumaa iliyofuata alinilipa kama kawaida. Mama mdogo aliponipongeza nilimshukuru kama unavyomshukuru mtu aliyekuachia kiti kwenye foleni. Nilikuwa nimepata mtaji, nimepata duka, nimepata na jina langu, na ndani kulikuwa kumetulia vilevile.

Kisha Mama akateleza kwenye sakafu yenye maji pale kazini, na kifundo cha mguu kikavimba. Siku ya pili ya mapumziko yake, baada ya chakula cha mchana, Mzee wa Jumla akapiga: mzigo umefika, mzuri, lakini kuna mnunuzi mwingine, kwa hiyo hela taslimu kabla hajafunga au anamwachia mwenzetu. Mama aliutazama mguu wake uliowekwa juu ya mto. Aliutazama muda mrefu. Akatoa bahasha chini ya godoro, akahesabu mbele yangu, akahesabu mara ya pili, akanipa.

"Nenda," alisema.

Nilikwenda kwa miguu, bahasha ndani ya blauzi, mkono juu yake. Ni mwendo wa nusu saa. Sikusimama popote, wala sikumsalimia mtu. Mzee wa Jumla alikuwa kwenye mlango wa ghala lake, penseli sikioni, maboksi yamejaa mpaka darini nyuma yake.

"Ndiyo unafika?" alisema. "Mama yako keshapiga mara mbili. Anauliza umefika, anauliza umekuja peke yako." Simu yake ikaanza kuita mkononi. "Haya, huyo tena. Ongea naye mwenyewe."

Nikaipokea.

"Umefika?" Mama aliuliza.

"Nimefika, Mama."

"Hela zipo?"

Iliniuma. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Iliniuma kifuani, mahali hasa, kama jino lililokuwa limelala halafu dawa ikaisha nguvu.

"Mama, unaniumiza," nikasema.

Nilimsikia anapumua, nikasikia na kitanda kikilia alipojigeuza.

"Najua," akasema. "Na wewe uliniumiza. Alisoma mbele ya wote, mwanangu, neno kwa neno. Wenzangu waliona haya hata kunitazama. Nilikuwa nimeshika shuka na sikumbuki nililikunja vipi."

Karibu miaka miwili nilikuwa nimeyangoja maneno hayo. Nililia. Nililia kwa sauti, mtu mzima, katikati ya maboksi ya viatu, na Mama hakuniambia ninyamaze.

"Nisamehe, Mama," nilisema nilipoweza. "Hela zipo. Zipo zote."

"Haya," akasema. Sauti yake nayo haikuwa imara. "Mhesabie hapohapo. Na udai risiti."

Hakukata simu. Mzee wa Jumla alikuwa amenipa mgongo, anajifanya anapanga maboksi yaliyokwisha kupangwa. Niliibana simu kati ya sikio na bega, nikaitoa bahasha, nikaanza kuzihesabu noti kwa sauti, polepole, ili na Mama asikie.